Windhoek Haiko Ulaya

Tarehe 23 Aprili 2019 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa jijini New York, pamoja na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi kutoka Iraki. Miezi michache kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamepewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Waliitwa kuzungumzia ubakaji vitani, na Ujerumani, iliyokuwa ikishika urais wa Baraza mwezi huo, ilikuwa imeandaa azimio. Rasimu yake ilitaka manusura wapatiwe matibabu, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Marekani ikasema maneno hayo yakibaki itatumia kura ya turufu. Yakaondolewa. Azimio namba 2467 likapita kwa kura 13, Urusi na China zikijizuia kupiga.

Nchi kukataa jambo pale New York si habari. Zinakataa kila siku. Habari ni kwamba maneno yaliyokataliwa hayakuwa mapya. Baraza hilohilo lilikuwa limeyapitisha mwaka 2013 katika azimio namba 2106, Marekani ikiwemo. Kwa hiyo daktari ambaye tangu mwaka 1999 kazi yake katika hospitali ya Panzi ni kuwatibu wanawake walioharibiwa miili na vita aliitwa atoe ushahidi juu ya majeraha, na wakati huohuo tiba ikawa inafutwa kwenye karatasi.

Asiyezoea vikao hivi anaweza kuona kuwa haya ni mabishano ya makarani. Basi tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Nchi moja hushika kalamu na kuandika rasimu. Rasimu inagawiwa, na kila ujumbe unatia mabano kwenye maneno usiyoyataka. Hapo ndipo wanapoingia maofisa wa ngazi ya kati, watu wa umri wa miaka thelathini na kitu ambao majina yao hayatatokea gazetini, wakakaa vyumba vya chini hadi usiku wa manane wakiondoa mabano moja baada ya jingine. Wakikaribia kumaliza, mwenyekiti huiweka rasimu chini ya kimya: anatoa saa, tuseme saa kumi alasiri kesho, na nchi ambayo haitakuwa imeandika kupinga kufikia saa hiyo inahesabiwa kuwa imekubali. Katika mazingira hayo ujumbe mdogo, wenye maofisa watatu wanaogawana kamati sita, una kinga moja tu. Unasema: tubaki na maneno tuliyokwisha kukubaliana. Maneno ya zamani ndiyo sakafu, na hakuna anayetakiwa kuchimba chini yake.

Mwaka 2019 sakafu ilichimbwa, na aliyechimba ni mwanachama wa kudumu. Nadhani hatukuelewa vya kutosha kwamba hasara ile haikuwa ya wanawake peke yao. Nchi zisizo na kura ya turufu ndizo zinazoishi kwa kutegemea maneno ya zamani, iwe kwenye madeni, kwenye mazingira au kwenye bahari. Ukikubali yang'olewe kwenye jambo moja kwa sababu jambo lenyewe hulipendi, siku yatakapong'olewa kwenye lako huna pa kusimama.

Tangu hapo wimbi limekua. Uswidi, ambayo mwaka 2014 chini ya waziri wake Margot Wallström ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutangaza sera ya nje ya kifeministi, iliifuta Oktoba 2022, wiki ileile serikali mpya ilipoingia madarakani. Argentina, chini ya Javier Milei, Novemba 2024 ilikuwa nchi pekee iliyopinga azimio la kamati ya Baraza Kuu dhidi ya ukatili kwa wanawake na wasichana. Nchi 170 ziliunga mkono. Ujerumani ilibadili waziri mwaka 2025 na jina la sera likaondoka naye. Kanada nayo, kupitia Waziri Mkuu Mark Carney, ilisema Novemba 2025 kwamba haitaiita tena sera yake ya nje kuwa ya kifeministi. Alisema hayo akiwa Johannesburg.

Kisa cha Marekani kinastahili mistari zaidi. Mwaka 2017 Donald Trump alitia saini Sheria ya Wanawake, Amani na Usalama, na kuifanya Marekani nchi ya kwanza kuigeuza ajenda hiyo ya Umoja wa Mataifa kuwa sheria kamili. Katika Baraza la Wawakilishi muswada ulidhaminiwa na Kristi Noem akishirikiana na mbunge wa chama pinzani. Katika Seneti, Marco Rubio alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono. Aprili 2025 Pete Hegseth, waziri wa ulinzi wa Trump huyohuyo, alitangaza kwa fahari kwamba ameufuta mpango huo katika wizara yake, akiuita mradi wa wanaharakati wa mrengo wa kushoto. Siku hiyo Noem na Rubio walikuwa mawaziri wenzake. Sidhani kama kuna ushahidi bora kuliko huu kwamba mapambano haya hayahusu yaliyomo ndani ya ajenda. Yanahusu nani anaonekana kuwa mwenye ajenda.

Na hapo ndipo kwetu Afrika Mashariki hoja inaposhika moto, kwa sababu sisi pia tunaulizana hii ni ya nani. Jibu linalotolewa kwenye mimbari, kwenye vipindi vya redio na sasa kwenye makongamano makubwa ya Entebbe na Nairobi ni kwamba ni ya Wazungu, imekuja na fedha zao, na itaondoka nazo. Kwa kuwa wafadhili kweli wanaondoka, jibu hilo limepata nguvu mpya. Wapo maofisa katika wizara zetu ambao, Marekani ilipofunga shirika lake la misaada mwaka 2025, walipumua. Waliona sasa kuna fomu moja pungufu ya kujaza.

Mimi nasema wamesoma historia kichwa chini.

Julai 1985 ulimwengu ulikutana Nairobi kufunga Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa. Mikutano miwili iliyotangulia, wa Mexico mwaka 1975 na wa Copenhagen mwaka 1980, iliishia kwa kura zilizogawanyika, kiini cha ugomvi kikiwa Mashariki ya Kati na neno Uzayuni. Ule wa Nairobi ulielekea njia hiyohiyo. Rais wa mkutano alikuwa Margaret Kenyatta, meya wa zamani wa jiji hilo. Saa za mwisho kabisa ujumbe wa Kenya ukaweka mezani pendekezo: neno hilo liondolewe, na badala yake iandikwe kwamba ubaguzi wa rangi wa aina nyingine zote unapingwa. Nchi za Kiarabu zikaweza kuondoka na heshima yao, Marekani ikaweza kubaki ukumbini, na Mikakati ya Nairobi ikapitishwa kwa kauli moja. Ile ilikuwa diplomasia ya daraja la juu, iliyofanywa na Wakenya, kwenye jambo la wanawake, mbele ya dunia nzima. Sijui kwa nini haifundishwi kama inavyofundishwa mikutano ya wanaume.

Miaka kumi baadaye, Beijing, Katibu Mkuu wa mkutano alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, mwalimu na mwanasiasa aliyekuwa ametoka kuiwakilisha nchi yake India. Nchi 189 zilikubaliana juu ya maeneo 12 ya kipaumbele. Nyumbani tumemwita Mama Beijing, tukampa sifa, kisha tukaigeuza Beijing yenyewe kuwa jina la kutania wake wanaojibu mabwana. Rasimu iliyofika China ilikuwa imejaa mabano, na Makao Matakatifu ya Vatikani pamoja na baadhi ya nchi za Kiislamu na za Amerika ya Kusini yalikuwa na pingamizi nzito. Aliyesimamia sekretarieti ya kazi ile hakuwa mgeni aliyeletewa ajenda.

Halafu mwaka 2000. Mtu akinibana nimpe sababu moja tu ya kusema ajenda hii ni yetu, nitampa mwaka huu. Mei 31, Windhoek, Namibia ikiadhimisha miaka kumi tangu ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliosimamia uhuru wake umalize kazi, likatolewa tamko la kudai wanawake washirikishwe katika operesheni za amani ngazi zote. Julai, Arusha, wanawake wa Burundi zaidi ya 50, Wahutu, Watutsi na Watwa, kutoka pande zote za mazungumzo, wakafanya mkutano wao na kuandika madai. Walikuwa wamepigania kuingia mazungumzoni tangu siku za Mwalimu Nyerere, vyama 19 vikiwa vimejaa wanaume mezani, na vingine vikisema wazi kwamba wanawake hawana uhasama wao wa kupatanishwa. Nelson Mandela, aliyechukua usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki, aliyapokea madai yao, na mengi yakaingia katika Mkataba wa Arusha uliotiwa saini Agosti 28. Kiwango cha asilimia 30 ya viti walichokidai kilikataliwa kwenye mkataba, kikarudi kupitia Katiba ya Burundi ya mwaka 2005. Oktoba, Namibia ilishika urais wa Baraza la Usalama na kuitisha mjadala. Oktoba 31 likapita kwa kauli moja azimio namba 1325, mama wa maazimio yote ya Wanawake, Amani na Usalama, lile la Mukwege likiwemo.

Windhoek, Arusha, New York, ndani ya miezi mitano. Waziri wa masuala ya wanawake wa Namibia wakati huo alikuwa Netumbo Nandi-Ndaitwah, ambaye kati ya mwaka 1980 na 1986 aliishi Dar es Salaam akiwa mwakilishi mkuu wa SWAPO kwa Afrika Mashariki. Leo ni Rais wa Namibia. Mtu aliyefunzwa ubalozi na harakati za ukombozi, katika mji wa Waswahili, hakuhitaji kuambiwa na Stockholm kwamba wanawake wanapigana vita na kwa hiyo wana haki ya kupanga amani. Sera ya Uswidi ilikuja miaka 14 baadaye. Kwa hesabu hiyo, Uswidi ikiacha, kilichokufa ni nakala.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimezipa serikali zetu pongezi ambazo hazikuzifanyia kazi. Historia ni nzuri. Mwenendo wa sasa ni wa kutia aibu, na mfano ulio wazi zaidi ni Kenya.

Oktoba 22, 2020 nchi 32 zilitia saini hati iitwayo Tamko la Makubaliano ya Geneva. Sherehe haikuwa Geneva. Ilifanyikia Washington, wengi wakishiriki kwa njia ya video kwa sababu ya korona. Hati ilibuniwa na serikali ya Trump, na wadhamini wenza walikuwa Brazil, Misri, Hungary, Indonesia na Uganda. Ujumbe wake mkuu ni kwamba hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba, na kwamba kila nchi ina mamlaka yake juu ya afya na familia. Kenya ilitia saini. Miezi minane baadaye, katika kongamano la usawa wa kijinsia la Paris la mwaka 2021, Kenya hiyohiyo ilisimama kama kiongozi mwenza wa muungano wa dunia wa kupambana na ukatili wa kijinsia. Oktoba mwaka huo, ikiwa rais wa Baraza la Usalama, ikaungana na Ireland na Mexico katika utatu wa miezi mitatu ulioahidi kuipa ajenda ya Wanawake, Amani na Usalama kipaumbele katika kila kikao.

Mtetezi wa serikali atasema hakuna mgongano: moja ni suala la mimba na familia, jingine ni la vita na amani. Ningekubali, kama si azimio 2467. Nyaraka hizo mbili zinakutana juu ya mwanamke aliyebakwa vitani ambaye sasa ana mimba ya aliyembaka. Mwanadiplomasia wa Kenya aliyeketi New York mwaka 2021, rasimu ikimfikia yenye maneno ya huduma ya afya ya uzazi kwa manusura, alitakiwa afuate sahihi ipi?

Maoni yangu ni kwamba mara nyingi hafuati yoyote, kwa sababu hakuna aliyemwelekeza. Watu hudhani msimamo wa nchi huamuliwa ikulu, ukapelekwa wizarani, ukatumwa ubalozini. Kwenye mambo ya mipaka na biashara ndivyo ilivyo. Kwenye mambo ya wanawake simu hailii. Wizara ya Mambo ya Nje inadhani ni kazi ya Wizara ya Jinsia, Wizara ya Jinsia inatuma ujumbe mkubwa kila Machi kwenye Kamisheni ya Hali ya Wanawake, wenye suti za vitenge na mabegi ya kununulia zawadi, na yule ofisa wa ngazi ya kati anabaki chumba cha chini na rasimu yake, akipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kila kundi lenye maslahi. Asiye na maelekezo huangalia kundi la Afrika linasemaje. Kundi la Afrika nalo huwa linasema kile alichokisema mjumbe aliyejiandaa. Na kwa miaka hii waliojiandaa vizuri kuliko wote ni wapinzani wa ajenda hii.

Kujiandaa kwao hakukuanzia hapa. Mashirika ya Kimarekani yamekuwa nyuma ya makongamano ya wabunge kuhusu familia na mamlaka ya taifa, yaliyofanyika Entebbe mfululizo tangu mwaka 2023. Kongamano la Nairobi la Mei 2025 juu ya familia ya Kiafrika lilitangazwa kwanza kwa bango lenye wazungumzaji ambao wote walikuwa wanaume weupe. Wakenya mitandaoni hawakuiachia nafasi hiyo. Sisemi kwamba Waafrika wanaohudhuria mikutano hiyo wametumwa. Wengi wana imani yao na wanaisimamia kwa dhati, na wana haki ya kuisemea popote. Ila hoja ya "cha kigeni" ikishatumika, itumike kwa pande zote mbili.

Kuna mahali pengine ambapo maneno ya familia hayasaidii kueleza kitu. Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Julai 2003, ndiyo mkataba wa haki za wanawake ulioandikwa na Waafrika kwa Waafrika. Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Kenya ilipouridhia mwaka 2010 iliweka pingamizi kwenye vifungu viwili. Kimoja ni kile cha kuruhusu kutoa mimba katika mazingira maalumu, na kila mtu anakijua. Cha pili hakitajwi kabisa: kifungu cha 10(3), kinachozitaka nchi zipunguze matumizi ya kijeshi na kuelekeza fedha kwenye maendeleo ya jamii, hasa ya wanawake. Sijawahi kusikia mahubiri yoyote juu ya hicho.

Upande wa viti nako kuna mtego, na tumeuingia tukishangilia. Nafasi ya Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ilianza mwaka 1998. Hadi leo wameishika watu watano, watatu kati yao wanawake: Louise Fréchette wa Kanada, Asha-Rose Migiro wa Tanzania na Amina Mohammed wa Nigeria. Nafasi ya Katibu Mkuu ina umri wa taasisi yenyewe. Wameishika tisa, wote wanaume. Umoja wa Afrika uliweka kanuni nzuri kwamba mwenyekiti wa Kamisheni na naibu wake wasiwe wa jinsia moja. Februari 2025 ilipofika zamu ya kanda ya Mashariki kutoa mwenyekiti, kanda yetu ilileta wagombea watatu: marehemu Raila Odinga wa Kenya, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti na Richard Randriamandrato wa Madagascar. Kwa kuwa wote walikuwa wanaume, unaibu ukawa wa wanawake wa Afrika Kaskazini kugombania, na ukaenda kwa Selma Malika Haddadi wa Algeria. Kanuni iliyowekwa kuwainua wanawake ikawa kisingizio cha kuwapangia ghorofa yao. Kenya ilizunguka bara zima kwa miezi kumpigia debe Raila, na hilo lilikuwa haki yake. Ila nchi hiyo mwaka 2017 ilimsimamisha Balozi Amina Mohamed (si yule wa Nigeria) kwa kiti hichohicho, akashindwa. Kwa hiyo haikuwa na upungufu wa majina.

Mwezi huohuo wa Februari 2025, waasi wa M23 wakiwa wameshaiteka Goma, mashariki mwa Kongo, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam. Baada ya mkutano, waliotajwa kuwa wasuluhishi ni wanaume watatu, marais wa zamani wawili na waziri mkuu wa zamani. Hii ni miaka 25 baada ya Arusha. Machi, jopo likapanuliwa kuwa la watu watano na wanawake wawili wakaingia: Catherine Samba-Panza, aliyekuwa rais wa mpito wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Sahle-Work Zewde, aliyekuwa rais wa Ethiopia. Wote wawili walikuwapo Februari. Samba-Panza aliongoza nchi iliyokuwa ikichinjana. Sahle-Work alikuwa mwanadiplomasia kwa miongo kadhaa na alikuwa mkurugenzi mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa Nairobi. Wakuu wetu hawakuwasahau kwa sababu hawafai. Waliwasahau kwa sababu orodha inayomjia mtu kichwani anapoambiwa "mzee wa kusuluhisha" ina sura za aina moja.

Tofauti wanayoleta wanawake mezani isitiwe chumvi. Juni 27, 2025 aliyetia saini makubaliano ya Washington kwa niaba ya Kongo alikuwa waziri Thérèse Kayikwamba Wagner. Aliyetia kwa niaba ya Rwanda ni Olivier Nduhungirehe. Mapigano hayakuisha kwa sababu kalamu moja ilishikwa na mwanamke. Katika mazungumzo ya amani ya Kenya ya mwaka 2008 kila upande ulikuwa na wajumbe wanne, mmoja wao mwanamke: Martha Karua kwa PNU na Sally Kosgei kwa ODM. Hakuna aliyewahi kumtuhumu Karua kuwa mlegevu kwa wapinzani wake. Wanawake wanaingia pale wakiwa na vyama, makabila, maslahi na hasira kama wanaume. Ndiyo maana hoja ya kwamba wanawake kwa asili ni wapole, ambayo mashirika yetu hupenda kuiandika kwenye miradi, naiona dhaifu na ya kudhalilisha. Hawatakiwi kuwa bora kuliko wanaume ndipo wapewe kiti. Wao ni nusu ya watu watakaoishi ndani ya mkataba huo, na kati ya mwaka 1992 na 2019 walikuwa 13 tu kwa kila wajumbe 100 wa mazungumzo makubwa ya amani duniani, na 6 kwa kila wasuluhishi 100.

Lazima pia tukubali kwamba wapinzani wana hoja moja iliyo sahihi. Nchi za Magharibi ziliitumia ajenda hii kwa kuchagua. Zilidai takwimu za usawa kwa serikali ya Bujumbura na kuuza silaha Ghuba. Wallström mwenyewe aligusa hilo: mwaka 2015 alipoikosoa Saudi Arabia, hotuba yake mbele ya Umoja wa Nchi za Kiarabu mjini Cairo ilizuiwa, Riyadh ikamwita balozi wake nyumbani, na Uswidi ikaacha kuhuisha mkataba wake wa ushirikiano wa kijeshi na Saudi. Wenye viwanda nyumbani kwake walimshambulia kwa hilo kuliko walivyowahi kuishambulia Riyadh. Alilipa gharama, na wenzake wa Ulaya hawakujipanga nyuma yake. Mwafrika aliyeyaona hayo akikwambia haamini wahubiri hawa, usimwite mjinga. Mwambie kwamba yeye hahitaji kuwaamini, maana ana Arusha yake.

Kwa hiyo kazi iliyopo ni ya nyumbani, na ni ya kiofisi zaidi kuliko ya majukwaani. Kila mwaka Waziri wa Mambo ya Nje husimama Dodoma kuomba bajeti, na mwenzake hufika mbele ya kamati ya Bunge Nairobi. Huulizwa juu ya majengo ya balozi, pasipoti na Watanzania au Wakenya waliokwama Uarabuni, maswali ya haki kabisa. Hajaulizwa vya kutosha ujumbe wetu ulipigaje kura kwenye maazimio ya haki za wanawake, nani aliuandikia maelekezo, na kwa nini. Mbunge mmoja akiomba orodha hiyo iwekwe mezani kila mwaka, ofisa wa chumba cha chini atakuwa na kitu cha kushika, awe anakubaliana nacho au hapana. Hata msimamo wa kihafidhina, ukiandikwa na kutetewa hadharani, ni afadhali kuliko sahihi mbili zinazopingana.

Na lipo jambo ambalo haliwezi kungoja bajeti. Muhula wa António Guterres unaisha Desemba 31, 2026. Baraza Kuu limekwisha kuandika kwamba linasikitika hakuna mwanamke aliyewahi kushika nafasi ile, na nchi zimehimizwa kupendekeza wanawake. Lakini jina linatoka Baraza la Usalama, kwa kura 9 kati ya 15 bila turufu ya hata mmoja wa wale watano. Mwaka 2026 wanachama wawili wa Baraza hilo, Kongo na Somalia, ni nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sijaona tamko lolote la Jumuiya juu ya namna kura hizo mbili zitakavyotumika. Kura za majaribio za Baraza hupigwa kwa siri, kwenye vikaratasi visivyo na jina la nchi, kwa hiyo anayetaka kujua Kinshasa na Mogadishu zitaandika nini itabidi aziulize kabla hazijaingia chumbani.